Jinsi ya Kuifanya Ramani ya Serikali Iwe ya Kisasa Bila Mtu Yeyote Kuiona

Hongera kwa uteuzi. Barua uliyokabidhiwa asubuhi, yenye muhuri wa bluu na sahihi isiyosomeka, inasema umeingizwa kwenye kamati ya kuboresha teknolojia ya ramani kwa ushirikiano wa idara zote: ardhi, maji, barabara, misitu, afya, kilimo, na ile idara moja ambayo hakuna ajuaye inafanya kazi gani ila haikosi kwenye kamati yoyote. Kazi yenu, kwa mujibu wa barua, ni "kubadilishana maarifa". Usitishike. Maneno hayo yamekuwa yakiandikwa tangu Nakuru ilipokuwa makao makuu ya Mkoa wa Bonde la Ufa, na maarifa yenyewe bado yako salama pale yalipoachwa.

Mwongozo huu umeandikiwa afisa wa Nakuru, jiji tangu Desemba 2021. Mwenzake wa Baringo, Nyandarua, Narok au Kericho anaweza kuutumia bila kubadilisha neno, mradi asije kuomba nakala mikono mitupu. Aandike barua kwanza.

Hatua ya kwanza: Jua ramani iko kwa nani, kisha jifanye hujui

Huwezi kulinda kitu usichokijua, kwa hiyo anza kwa kujua. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti kazi ya upimaji wa ardhi na uchoraji wa ramani. Kumbukumbu za upimaji na za bikoni, hata hivyo, hutunzwa na Survey of Kenya, ambayo ni idara ya serikali ya taifa. Usajili wa hatimiliki uko chini ya wizara ya ardhi. Tume ya Taifa ya Ardhi nayo ina majukumu yake. Halafu tarehe 27 Aprili 2021 Rais Uhuru Kenyatta akazindua Ardhisasa, mfumo wa kidijitali wa kumbukumbu za ardhi, ukianzia Nairobi. Hiyo ni milango mitano. Raia akibisha mmoja, unaweza kumwelekeza kwenye minne iliyobaki kwa upole na heshima, bila kusema uongo hata mara moja. Atakushukuru.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka kila kaunti iwe na mpango wa miaka 10 wa matumizi ya ardhi, uliojengwa juu ya mfumo wa kidijitali wa kijiografia. Usiipinge. Mpango na uandikwe, upigwe jalada zuri, uzinduliwe kwa ngoma na kofia zenye nembo. Mtu akija kuomba mpango, mpe kitabu. Akiomba data zilizozaa kitabu, muulize ametumwa na nani.

Usisahau barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 ilizaa mamlaka tatu, moja ya barabara kuu, moja ya mijini na moja ya vijijini, na barabara nyingine ziko chini ya kaunti. Chini ya barabara hizo kuna mabomba ya maji, kando yake kuna nguzo za umeme, na siku hizi kuna nyaya za intaneti zinazochimbiwa usiku. Kila mmoja ana ramani yake. Ukitaka kujua kama ramani hizo zimewahi kukutana, tembea Kiamunyi wiki moja baada ya lami mpya kumwagwa.

Hatua ya pili: Chagua koodineti zako, usimwambie mtu

Katika hatua hii Mungu mwenyewe ametupendelea sisi wa Nakuru. Mfumo wa UTM, unaotumika sana duniani kuchorea ramani, umeigawa dunia katika kanda zenye upana wa nyuzi 6 za longitudo. Kanda ya 36 inakoma kwenye nyuzi 36 mashariki, na papo hapo kanda ya 37 inaanza. Mstari huo unapita ndani ya kaunti yetu. Jiji la Nakuru, Gilgil na Naivasha viko kanda ya 37. Njoro, Molo na Kuresoi viko kanda ya 36. Mwanafunzi anayepanda matatu mjini kwenda Chuo Kikuu cha Egerton anavuka kanda kabla kondakta hajamaliza kukusanya nauli. Ukielekea kaskazini hadi Mogotio, ambako ikweta inapita, unafika karibu na mahali kanda ya 36 na ya 37, kaskazini na kusini, zinakutana zote nne. Watu wengine hulazimika kubuni vurugu. Sisi tumezaliwa nayo.

Itumie vizuri. Unapompa mwenzako orodha ya visima, mpe safu mbili za namba na usitaje kanda. Akikosea upande mmoja, Ziwa Nakuru na heroe wake watasafiri takriban kilomita 670 kwenda magharibi na kutua Uganda, jirani na mfereji wa Kazinga unaounganisha Ziwa Edward na Ziwa George. Akikosea upande wa pili, Njoro na ngano yake itatua Somalia, si mbali sana na Kismayo. Mwenyekiti akiuliza kwenye kikao kwa nini visima vya Njoro vinahitaji viza, jibu kwa utulivu: "Tutalifuatilia." Kisha mwombe katibu aandike hivyo kwenye kumbukumbu.

Kosa la kilomita 670 lina kasoro moja: linaonekana. Afisa mzoefu hupendelea kosa la mita 300. Ramani za zamani za nchi hii, zile za skeli ya 1:50,000 zilizokunjwa kwenye makabati ya chuma, zimejengwa juu ya msingi uitwao Arc 1960. Simu iliyo mfukoni mwako inatumia WGS84. Namba zikisomwa kwa msingi mmoja na kuchorwa kwa mwingine, nukta husogea kama mita 300 hapa kwetu. Mita 300 hazimshtui mtu. Kisima bado kinaonekana kiko Barut na zahanati bado inaonekana iko Rongai, ila kisima kimeingia shamba la jirani na zahanati imevuka barabara. Ongeza ramani za mashamba za kale zilizochorwa kwa mfumo wa Cassini, nyingine zikipimwa kwa futi, na utakuwa umewapa mawakili wa Nakuru kazi hadi wajukuu wao wamalize chuo.

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hawakuwa wameona koodineti.

Hatua ya tatu: Nunua vitu

Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa tarehe 30 Juni, kwa hiyo mapenzi ya teknolojia huchanua mwezi wa Mei. Orodha ya kawaida ina plota ya kuchapa ramani kubwa kama mlango, droni, vipokezi vya GPS vya kitaalamu, seva, na leseni za programu za mwaka mmoja. Leseni ndizo za muhimu. Zikilipiwa Juni na mafunzo yakipangiwa bajeti ya mwaka unaofuata, zitaisha muda wake bila mtu kuziamsha.

Jihadhari na vya bure. QGIS, programu ya ramani iliyoanzishwa mwaka 2002, hailipiwi hata senti na inafanya karibu kila kitu ambacho ofisi ya kaunti inahitaji. Picha za setilaiti za Landsat, zinazorudi nyuma hadi 1972, zimekuwa za bure tangu 2008. Za Sentinel-2, zinazoonyesha kitu chenye upana wa mita 10, zinapatikana bure tangu 2015. Huu ni mtego. Kitu cha bure hakina zabuni, kisicho na zabuni hakina mtetezi, na kisicho na mtetezi hakifiki kwenye ajenda. Mtu akikitaja, sema kwa huzuni kwamba usalama wake haujathibitishwa.

Tarehe 15 Aprili 2023 Kenya ilirusha Taifa-1, setilaiti yake ya kwanza ya kuangalia dunia, kutoka California. Itaje kwenye kila hotuba. Usiitaje mahali popote palipoandikwa neno "mafunzo".

Vifaa vikifika, vipokee kwa picha. Kisha droni iingie kwenye stoo na ufunguo uingie mfukoni mwa mtu aliye likizo. Baada ya miezi sita betri itakuwa imekufa, na utakuwa na sababu halali ya kununua nyingine ya kisasa zaidi. Hakuna mahali sheria imesema kwamba kusasisha lazima kuishe.

Hatua ya nne: Warsha ya Naivasha

Nakuru imebarikiwa kuliko kaunti zote 47, maana Naivasha iko ndani yake. Wengine huvuka mipaka kuifuata. Wewe unaweza kwenda kubadilishana maarifa ndani ya kaunti yako na bado ukalipwa posho ya kulala nje, kwa kuwa kutoka ofisini hadi hotelini ni kilomita kama 70 na hakuna binadamu anayeweza kurudi nyumbani akiwa amebeba maarifa yote hayo.

Kumbuka kwamba kituo cha kanda cha kuchora ramani za rasilimali, RCMRD, kilichoanzishwa 1975, kiko Kasarani, Nairobi, na kazi yake mojawapo ni kuwafundisha watumishi wa serikali mambo haya haya. Ungeweza kuwapeleka vijana wawili huko wakarudi wakijua kazi. Badala yake peleka wakubwa 40 Naivasha. Hesabu ni rahisi: vijana wawili wakijua, ofisi inabaki na watu wawili wanaojua. Wakubwa 40 wakihudhuria, ofisi inabaki na vyeti 40.

Ratiba iwe hivi. Siku ya kwanza: sala, kujitambulisha, hotuba ya ufunguzi, hotuba ya kumkaribisha aliyetoa hotuba ya ufunguzi, chai ya saa nne. Mwezeshaji aonyeshe picha za ramani za Singapore. Ramani ya Subukia isionyeshwe kamwe, kwa sababu kuna watu ukumbini wanaopajua Subukia na wataanza kusahihisha. Mchana, makundi yaandike "changamoto" kwenye karatasi kubwa za ukutani. Changamoto ni zilezile za mwaka juzi, kwa hiyo unaweza kuja na karatasi za mwaka juzi. Siku ya pili: mtandao ukatike, mwezeshaji aeleze kwa maneno yale ambayo angeonyesha kwa kompyuta, na picha ya pamoja ipigwe kabla ya chakula, watu wasije wakatoroka. Azimio kuu: iundwe kamati ndogo.

Katika yote hayo asitokee mtu wa kugusa kipanya. Warsha ambayo watu wanafungua ramani wenyewe huitwa mafunzo, na mafunzo yana posho ndogo.

Hatua ya tano: Weka maarifa yote ndani ya kijana mmoja

Kila ofisi ina "yule kijana wa ramani". Yuko kwa mkataba wa miezi mitatu, unaorefushwa kwa miezi mitatu, akiketi kwenye kiti kisicho na mgongo karibu na choo. Yeye ndiye anayejua kwamba barabara iliyochorwa Ngata haijawahi kujengwa, na kwamba visima viwili vya kata moja ni kisima kimoja kilichohesabiwa na wafadhili wawili. Data ziko kwenye laptopu yake mwenyewe, kwa kuwa ya ofisi iliingia virusi. Nakala ya akiba iko kwenye flashi, na flashi iko kwenye mkoba wa dada yake.

Usimpe seva. Usimwombe aandike maelezo. Kwenye jedwali lake kuna safu iitwayo AINA2, na ndani yake namba kuanzia 1 hadi 9. Namba 7 maana yake ni nini? Anajua yeye, na mzee mmoja aliyestaafu na kurudi Bahati kufuga ng'ombe. Huo ndio ulinzi wa data wa hali ya juu: mwizi akiiba faili zima, ataishia kuliangalia.

Mkataba ukiisha, kijana ataondoka na laptopu yake, kama ilivyo haki yake. Ajiri mwingine, mpe karatasi zilezile, aanze kuchora upya barabara zilezile. Kwa njia hii kaunti inaweza kuchora barabara zake mara nne kwa miaka kumi, na kila mara kuripoti kwamba kazi imefikia asilimia 80.

Hatua ya sita: Toa ramani bila kutoa ramani

Kuna siku utalazimika kutoa kitu. Kuna njia tatu salama.

Ya kwanza ni PDF. Inaonekana kama ramani, inachapika kama ramani, lakini huwezi kupima wala kuongeza kitu. Ya pili ni picha ya PDF iliyopigwa kwa simu na kutumwa kwa WhatsApp usiku, kidole cha mpiga picha kikiwa kimefunika Rongai. Ya tatu, ambayo ndiyo ya heshima, ni kuichapa kwa ile plota, kuitia plastiki na fremu, na kuitundika nyuma ya kiti cha mkubwa. Hapo kila mgeni ataiona, na hakuna atakayethubutu kusogea karibu kuisoma.

Ofisi nyingine ikipiga simu, fuata mfano huu wa mazungumzo:

"Injinia, habari za huko?"

"Njema sana, mkurugenzi. Mvua tu."

"Naomba ile ramani yenu ya mabomba ya mitaa ya London na Shabab. Tunapitisha mtaro wiki ijayo."

"Hiyo hakuna shida kabisa. Andika barua."

"Niliandika mwezi wa pili."

"Ulimwandikia nani?"

"Mkubwa wako."

"Ah, alihamishwa. Iandike upya kwa huyu mpya. Lakini huyu naye anakaimu, hawezi kutia sahihi."

"Sasa nifanyeje, injinia?"

"Chimbeni polepole."

Kuhusu sheria, zijue zote mbili. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa na inakupa siku 21 za kumjibu. Siku ya 20, mjibu kwa kumwomba ufafanuzi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa binafsi za watu, na haijataja visima, vivuko wala mitaro. Lakini wachache wameisoma hadi mwisho, kwa hiyo waweza kusema bila kupepesa macho kwamba kisima nacho kina faragha yake.

Hatua ya saba: Kila ofisi na iwe na ziwa lake

Hapa mwongozo unaingia majini. Picha za Landsat zinaonyesha kwamba mwanzoni mwa 2010 Ziwa Nakuru lilikuwa na takriban kilomita za mraba 32. Kufikia Septemba 2013 lilikuwa limekaribia 55. Lango kuu la mbuga inayolizunguka likafunikwa, na katika miaka iliyofuata maji yakaingia kwenye mashamba na nyumba za watu huko Mwariki na Barut. Naivasha, wakazi wa Kihoto wakahama. Maziwa ya Baringo na Bogoria nayo yakapanda. Picha zote hizo zilikuwa za bure. Mtu yeyote mwenye intaneti angeweza kuufuata ukingo wa maji ukisogea mwaka hadi mwaka.

Maarifa, kwa hiyo, hayakukosekana. Cha kufanya ni kuhakikisha hayakai meza moja. Kwa watu wa wanyamapori, ziwa ni makazi ya ndege. Kwa watu wa maji, ni namba inayosomwa kwenye kipimo cha kina. Kwa masijala ya ardhi, ploti iliyo chini ya maji bado ni ploti, ina namba, ina hatimiliki, na inaweza kuuzwa kwa mtu wa Nairobi asiyekuja kuiona. Kwa anayepitisha ramani za ujenzi, ziwa liko pale lilipochorwa alipoajiriwa. Kanuni za maji hupima ardhi ya ukingo wa ziwa kuanzia pale maji yalipowahi kufika juu kabisa. Alama hiyo isipowekwa kwenye ramani ya anayetoa vibali, kanuni inabaki ikielea. Maziwa ya Afrika Mashariki yaliwahi kupanda baada ya mvua kubwa za 1961, na wazee wanakumbuka. Lakini wazee hawana muhuri.

Hali ni hiyo hiyo chini ya ardhi. Wataalamu wa jotoardhi, walioanza kuchimba Menengai mwaka 2011, wanaweza kukuambia kilichoko kilomita mbili chini ya miguu yako. Nani mwenye ploti unayoikanyaga, hilo subiri barua.

Tarehe 9 Mei 2018, usiku, bwawa la Patel huko Solai lilipasuka na kuua watu zaidi ya 40. Ndipo amri ikatoka mabwawa yakaguliwe. Bwawa si kitu cha kujificha. Setilaiti inaliona, na wanaoishi chini yake wanalijua kwa jina la mwenyewe. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, juu ya Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, pale kalvati lilipozibwa na takataka za mvua, yalitoboa na kushuka hadi Kamuchiri. Zaidi ya watu 50 walikufa. Kalvati ni la reli, mkondo ni wa watu wa maji, makazi ni ya kaunti, barabara iliyokatika ni ya watu wa barabara. Mwongozo huu hauna mzaha wa kuongeza hapo. Una swali la mkaguzi tu: kati ya hao wanne, nani alikuwa na ramani yenye vyote vinne?

Kwa afisa anayetaka kuendelea na mwongozo licha ya hayo, utaratibu baada ya maafa unajulikana. Fika eneo la tukio ukiwa na viatu vya mpira vipya. Unda jopo. Jopo lipendekeze ramani ya maeneo hatari. Ramani ichorwe na mshauri, kwa koodineti zake, itolewe kwa PDF. Rudi hatua ya sita.

Mambo hatari ya kuepuka kabisa

Uzoefu umeonyesha kwamba vitendo vifuatavyo, hata vikifanywa kwa bahati mbaya, vinaweza kusababisha maarifa kuvuja kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Usiandike pembeni mwa ramani mfumo wa koodineti, kanda, tarehe na jina la aliyepima. Ni mistari minne tu, lakini mwenzako akiipata ataweza kuitumia ramani bila kukupigia simu, na nani atajua kwamba upo?

Usiruhusu kila data iwe na mlezi mmoja: mabomba kwa watu wa maji, barabara kwa watu wa barabara, mipaka kwa wapima ardhi, kila mlezi akirekebisha yake na wengine wote wakiisoma palepale ilipo. Kenya imekuwa ikizungumzia mpango wa taifa wa namna hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Zungumza nawe pia, ukomee kwenye kuzungumza.

Usiwakutanishe makarani na mafundi wa idara mbalimbali bila wakubwa wao. Wakiketi siku moja kila mwezi, laptopu zikiwa wazi, wakalinganisha wadi moja tu kati ya 55 za kaunti, watamaliza tofauti kumi kabla ya chai. Chai yenyewe watajinunulia, jambo ambalo litaharibu bei ya warsha.

Usiwaachie wananchi kalamu. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walichora mtaa wao wenyewe kwenye OpenStreetMap, vyoo na visima na shule, na ramani ikawa ya kila mtu. Hebu fikiria vijana wa Rhonda na Kaptembwo wakifanya hivyo kisha waje kukuuliza kwa nini ramani yako ina uwanja wa michezo mahali ambapo wao wanaona ghorofa.

Usimhoji mpima ardhi mzee kabla hajastaafu. Anajua bikoni gani ilihamishwa na nani, mwaka gani, kwa sababu gani. Mpe saa ya ukutani na keki, mpigie makofi, mwache aende nayo yote Bahati.

Na la mwisho, kubwa kuliko yote. Siku moja atatokea karani, mara nyingi ni mama fulani wa masijala ambaye hakuwahi kualikwa Naivasha, aliyejifunza QGIS kwa video za YouTube wakati wa chakula cha mchana. Utamjua kwa dalili hizi: watu wa maji wanamsalimia kwa jina, watu wa barabara wanampigia kabla ya kuchimba, na faili zake zina maelezo ambayo hata mgeni anaelewa. Ameandika namba 7 maana yake nini. Mtu wa namna hiyo akiachwa kwenye dawati lake miaka miwili, kamati yako haitakuwa na kazi ya kufanya. Usimfukuze, utazua maneno. Mpandishe cheo leo hii, mpe ofisi yenye zulia na simu ya mezani, mfanye mwenyekiti wa kamati ndogo ya kubadilishana maarifa. Hatagusa ramani tena hadi astaafu.